Mwacheni Cézanne, si mhamasishaji wenu

Wiki hii kwenye grupu la ukoo imerushwa tena ile picha ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne, mzee wa ndevu, na maandishi ya njano chini yake: alikataliwa miaka 20, hakukata tamaa, wewe je? Binamu yangu mmoja, ambaye hajapata kazi tangu amalize chuo, akajibu kwa emoji ya mikono ya dua. Nilichukia hadi nikazima simu.

Hiyo miaka 20 alikuwa anakula nini? Mbona wahamasishaji hamuulizi? Alikuwa anakula kwa baba. Mzee Louis-Auguste aliinukia kwenye biashara ya kofia pale Aix-en-Provence, mwaka 1848 akanunua benki na mwenzake, mwaka 1859 akanunua Jas de Bouffan, jumba na mashamba yake nje ya mji. Kijana akasomeshwa sheria, akasoma kwa shingo upande, akaiacha, akaenda Paris mwaka 1861. Chuo cha sanaa kikamkataa, akarudi kukaa benki kwa baba, akachoka, akaondoka tena. Posho inaingia tu. Salon nayo, yale maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, ikamkatalia mwaka baada ya mwaka, na alipopenya mara moja, 1882, ilikuwa kwa mgongo wa rafiki yake Antoine Guillemet aliyekuwa kwenye jopo la majaji. Kumbe kujuana hakukuanzia kwetu.

Posho ilikuja na masimango, hilo sikatai. Mwaka 1878 mzee alifungua barua ya mwanawe, akagundua kwamba kuna mwanamke, Hortense Fiquet, na mjukuu wa miaka sita aliyefichwa muda wote huo. Fikiria: mtu wa miaka 39, baba anamfungulia barua! Posho ikapunguzwa, mwandishi Émile Zola, rafiki yake wa tangu shule, akawa anamtumia Hortense faranga 60 kwa mwezi. Na kama kuna mtu wa kutungiwa mabango ya uvumilivu, ni huyo mama: kafichwa miaka mingi, kaolewa 1886, na katikati ya yote hayo kakalishwa kitini kuchorwa mara zaidi ya 20. Shukrani aliyopata ni watu kusema amenuna kwenye picha. Wewe usingenuna?

Haya. Pesa ya baba haichori, na hapa ndipo mabango yenu yananiudhi zaidi, maana yanaruka kazi yenyewe.

Tafuteni picha yake ya kikapu cha matufaha, ya mwaka 1893 hivi, iliyopo kwenye makumbusho ya Art Institute of Chicago. Tazama ukingo wa meza. Upande wa kushoto unaingia chini ya kitambaa cheupe, na unapotokea kulia haupo pale ulipotakiwa kuwa. Fundi seremala angeirudisha meza hiyo siku hiyo hiyo. Chupa imeinamia upande mmoja. Kikapu kimeinamishwa, matufaha yanataka kukumwagikia miguuni. Halafu ajabu: hakianguki kitu. Tangu karne ya 15 wachoraji wa Ulaya walifundishwa kuchora kana kwamba mtazamaji ana jicho moja lililopigiliwa msumari mahali. Cézanne alikuwa na macho mawili na shingo inayogeuka, kama sisi wote, akaichora meza kama inavyoonekana na mtu anayesogea. Tufaha lenyewe halijaviringishwa kwa kivuli cha kijivu. Ni viraka vya rangi, nyekundu, njano, kijani, kila kimoja kimewekwa kwa hesabu mpaka duara linasimama lenyewe.

Hesabu hiyo ilikula muda. Matunda yaliozea mezani akiwa bado anachora. Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa picha aliyemfanyia maonyesho makubwa Paris mwaka 1895, anasimulia kwamba alikaa vikao 115 kuchorwa picha moja, na siku aliposinzia akaanguka kitini alifokewa akae kama tufaha. Mwishoni Cézanne akasema sehemu ya mbele ya shati haikuwa mbaya. Shati tu!

Mwaka mmoja baada ya kifo chake kazi zake zilikusanywa kwenye Salon d'Automne, maonyesho mengine ya Paris, vijana wa Paris wakaenda kuzitazama, na 1908 mchoraji Georges Braque akawa anachora nyumba za kijiji cha L'Estaque kama makasha. Hapo ndipo ulipotokea mtindo wa Cubism, wa kuchora vitu kama makasha.

Nusu alama nawapa kwa kitu kimoja. Oktoba 1906, miaka 67, mrithi wa mali ya benki, jina lishatoka, mvua kubwa ilimkuta nje akichora, akaanguka njiani akarudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa dobi. Kesho yake asubuhi alitoka tena kwenda kwenye picha ya Vallier, mtunza bustani wake. Baada ya siku chache akafa. Lakini hiyo hamuiweki kwenye bango, kwa sababu hakuna mafanikio aliyokuwa akiyafukuzia asubuhi ile. Alikuwa na picha haijaisha.