Silinda haijiharibu yenyewe

Majira ya baridi yaliyopita kijana mmoja aliniletea pikipiki yake ya theluji, ile yenye ski mbele na mkanda nyuma badala ya magurudumu, akitaka kitu kimoja tu: nifunge silinda mpya, Ijumaa asafiri nayo. Ilikuwa mara ya pili ndani ya miezi miwili. Mara ya kwanza alitengenezewa kwingine, akatiwa silinda iliyopakwa upya, pistoni mpya, ringi mpya na gasketi mpya. Wiki tatu hazikuisha, silinda ileile ya upande wa sumaku, yaani gurudumu linaloipa injini umeme, ikakamata tena, pistoni ikang'ang'ania ndani, na mikwaruzo ikawa palepale, upande wa ekzosi.

Nilimwambia sifungi kitu kabla sijaipima injini kwa upepo. Alikasirika sana. Hasira ile naikuta kila msimu hapa kaskazini mwa Minnesota, Marekani, na ndiyo iliyonifanya niandike. Watu wako tayari kulipia kifaa kipya, ila kulipia saa mbili za kutafuta kilichokiua cha zamani wanaona wanaibiwa.

Ufundi niliuanzia Mwanza, kwenye mashine za mitumbwi ya wavuvi. Nazo ni za mipigo miwili, zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo nilipofika huku nilijiona niko nyumbani. Lakini kule silinda ina slivu ya chuma, bomba linalovalishwa ndani yake. Ikiliwa unaipeleka kwa mkerezaji, anaichonga milimita 0.25, unatia pistoni ya ovasaizi, iliyo nene kidogo. Ikiliwa tena, 0.50. Slivu ikiisha, unaing'oa unaweka nyingine.

Silinda nyingi za pikipiki za theluji za siku hizi hazina slivu. Ni aluminiamu iliyopakwa ndani ngozi ya nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi. Maarufu zaidi ni Nikasil, iliyobuniwa na Mahle ya Ujerumani mwaka 1967 kwa ajili ya injini za Wankel, zile zenye rota inayozunguka badala ya pistoni. Ngozi hii ni ngumu ajabu, na kwa kuwa ni nyembamba, joto linapita upesi kuelekea kwenye maji ya kupozea. Unene wake kwa kawaida haufiki milimita 0.1. Sasa piga hesabu: ukiichonga milimita 0.25 kwa kipenyo, kila upande umeondoa 0.125. Umeimaliza ngozi yote, pistoni inasugua aluminiamu tupu. Fundi mwenzangu uliyetoka nyumbani na mikono yenye uzoefu wa slivu, tafadhali shika hili kabla hujaipeleka silinda ya mtu kwenye mashine ya kuchonga.

Wala si kila silinda yenye mistari imekufa. Mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka ikaganda juu ya nikeli. Asidi ya hidrokloriki, ile ya kusafishia saruji, inakula aluminiamu na kuiacha nikeli. Naipaka kidogo kidogo kwa kijiti chenye pamba, nje penye hewa, nimevaa glavu na miwani, na siigusishi kabisa kwenye kingo za madirisha ya silinda, yale matundu ya kupitishia mchanganyiko na moshi, ambako aluminiamu iko wazi. Kisha naosha kwa maji mengi. Baada ya hapo napima kwa geji, juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa pande zinazokingamana. Jicho hapa halitoshi. Kama ngozi imebanduka, na hupenda kuanzia kwenye mdomo wa dirisha la ekzosi, hakuna ujanja: inatumwa kwa wapakaji, wanaivua yote, wanaipaka upya na kuisawazisha kwa mawe ya almasi kufuata kipimo cha pistoni yako.

Lakini hayo yote ni nusu ya kazi. Alama zenyewe zinasema. Mikwaruzo ya pande nne za pistoni hutokana na mtu aliyewasha mashine kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri akakanyaga mafuta papo hapo: pistoni imetanuka, silinda bado barafu. Silinda zote mbili zikiungua kwa pamoja, nauliza aliendesha wapi, kwa sababu mashine nyingi kati ya hizi maji yake hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda. Ukikimbia kwenye barafu tupu ya ziwa, hakuna theluji ya kuipoza. Na silinda moja ikifa peke yake, upande wa ekzosi, nashuku hewa inaingia mahali isipotakiwa, mchanganyiko unakosa petroli, na pamoja na petroli unakosa oili.

Ndicho kilichompata yule kijana. Niliziba njia ya kabureta na ya ekzosi, nikajaza upepo paundi 6 tu, nikapaka maji ya sabuni. Ni akili ileile ya fundi baiskeli anayetumbukiza tyubu kwenye karai. Mshale wa geji ulishuka tunautazama. Tulipotoa gurudumu la sumaku, povu likatoka kwenye sili ya krenki, mpira unaoziba pale mhimili wa injini unapotokea nje. Kipande kidogo cha mpira kilichokauka kilikuwa kimeua silinda mbili.

Msimamo wangu ni kwamba kipimo hiki kisiwe hiari ya mteja. Asiyekitaka achukue mashine yake. Fundi anayefunga silinda nzuri juu ya sili inayovuja anajua, au alipaswa kujua, kwamba mteja atarudi.

Kijana hakusafiri Ijumaa ile. Nilibadilisha sili zote mbili, nikapima tena hadi mshale ukatulia, ndipo nikafunga silinda. Tangi la kwanza nilimwongezea oili kwenye petroli, nikamwomba asikanyage zaidi ya nusu na aipumzishe ipoe. Alirudi baada ya wiki mbili, nikafungua ekzosi, nikamulika dirishani: ringi zinang'aa mzunguko mzima, na mistari iliyoachwa na mawe ya kusawazishia ukutani mwa silinda bado inaonekana, haijakwaruzwa.