Kazi za Nyumbani Zinawamaliza Wavulana Wetu

Hivi walimu wa shule yetu ya wavulana huwa wanaulizana kabla ya kugawa kazi za nyumbani? Kila mmoja anatoa yake kana kwamba mtoto ana somo moja tu. Hesabu kurasa mbili, insha, ramani ya kupaka rangi, na juu yake kukariri sala kwa ajili ya jaribio la dini. Mtoto mwenyewe wa darasa la nne! Saa tatu usiku bado ameinamia daftari, anafuta jibu lile lile mpaka karatasi inatoboka, machozi yanamlengalenga. Kesho yake mwalimu anapiga vema bila hata kusoma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyechunguza suala hili miaka mingi, anapendekeza takriban dakika 10 kwa siku kwa kila ngazi ya darasa. Yaani darasa la nne ni dakika 40. Mapitio yake ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa uhusiano wa kazi hizo na ufaulu ni hafifu zaidi kwa watoto wadogo kuliko kwa wakubwa.

Na kwa kuwa shule ni ya Kikatoliki, niwakumbushe kuwa Mtakatifu Yohane Bosco, padri aliyejitolea kulea na kufundisha vijana, aliandika mwaka 1877 kwamba vijana waachwe waruke, wakimbie na kupiga kelele watakavyo. Wetu watakimbia saa ngapi? Hata Jumapili baada ya Misa kuna mradi wa sayansi unasubiri.

Walimu, kaeni mpange: jioni moja, masomo mawili, basi. Na mkikusanya madaftari, yasomeni.