Kitufe cha Kukataa Kiko Wapi?

Fungua tovuti ya habari au ya duka kwa simu yako hapa Kampala, na mara nyingi kabla hujasoma mstari wa kwanza kibango kinaziba nusu ya skrini: tovuti hii inatumia vidakuzi. Chini yake pana kitufe kimoja kikubwa, chenye rangi ya kuvutia, cha kukubali. Pembeni, kwa herufi ndogo za kijivu, pana mahali pa kusoma maelezo zaidi. Pa kukataa hapaonekani. Msomaji ana haraka, bando linaisha, anabonyeza kubali ili apate alichokuja kukitafuta, na mwenye tovuti anahesabu kwamba mgeni ameridhia.

Hiyo si ridhaa. Kazi yangu ni kuwajengea tovuti wafanyabiashara wadogo mjini hapa, vidakuzi nakutana navyo kila siku, na msimamo wangu ni huu: kukataa kuwe rahisi sawasawa na kukubali. Mpaka hapo tutakapofika, mgeni asisubiri kuhurumiwa na kibango. Achukue mamlaka yake mwenyewe kwenye mipangilio ya kivinjari, yaani programu anayofungulia tovuti.

Kwanza nivitetee vidakuzi kidogo, maana vimezushiwa mengi. Kidakuzi, au kuki kama wengi wanavyosema, ni maandishi mafupi ambayo seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, inakipa kivinjari chako kiyatunze. Kila unapofungua ukurasa mwingine wa tovuti hiyo, kivinjari kinayarudisha kwa seva. Si programu, si virusi, hakiwezi kufungua picha zako wala kusoma meseji zako. Alikibuni Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, mwaka 1994, na shida aliyokuwa akiitatua ilikuwa ya kweli kabisa. Wavuti wenyewe hauna kumbukumbu. Seva inakupa ukurasa, papo hapo inakusahau. Ukiomba wa pili, kwake wewe ni mgeni mpya. Kwa hali hiyo duka la mtandaoni lisingewezekana, kwa sababu ukienda kutazama bidhaa ya pili, ile ya kwanza uliyoweka kikapuni imeshapotea. Kidakuzi ni kama kile kibao chenye namba unachopewa mlangoni mwa supamaketi unapoacha mkoba: hakisemi wewe ni nani, kinasema tu mzigo upi ni wako.

Na vidakuzi vya namna hiyo sina ugomvi navyo. Bila hivyo usingeweza kubaki ndani ya barua pepe yako, wala kujaza fomu ndefu ya kodi kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, URA, ukurasa baada ya ukurasa. Ndiyo maana simshauri mtu azime vidakuzi vyote kwa hasira. Ataamka kesho hakuna akaunti inayokubali kufunguka, atachoka, atawasha kila kitu, na atakuwa amerudi alikoanzia.

Ugomvi wangu ni na vile vinavyoitwa vidakuzi vya washirika wengine.

Mama mmoja mwenye duka la vitenge pale Kikuubo, anayeuza hadi kwa wateja wa Bunia na Juba, alitaka tovuti. Nilimuuliza, "Mama, unataka iwe na nini?" Akajibu bila kusita: "Weka picha za vitenge, ramani ya kufika dukani, ile video yangu, na kile kidole gumba cha kupenda. Mwanangu anasema kuna kitu cha kuhesabu wageni, na chenyewe weka." Ukiacha picha, vitu hivyo vyote kwa kawaida huvutwa kutoka kwenye seva za kampuni nyingine. Mteja wa Bunia anapofungua ukurasa wa vitenge, kivinjari chake kinazungumza pia na seva hizo bila yeye kujua, na kila moja inaweza kuweka kidakuzi chake au kusoma kile ilichoweka jana kwenye tovuti nyingine kabisa. Nilifungua ukurasa wa majaribio kwenye kompyuta, nikamwonyesha mama orodha ya anwani zilizokuwa zikiitwa. Akasogeza kiti karibu, akaipitia kwa kidole. "Hawa wote wanatafuta nini dukani kwangu?"

Wanatafuta kumjua mteja wake. Kampuni ya matangazo iliyo kwenye tovuti ya vitenge iko pia kwenye tovuti ya mpira, ya dawa, ya ajira na ya dini. Kote huko inaona namba ileile iliyokipa kivinjari chako ndani ya kidakuzi chake. Haihitaji jina lako. Inajua kwamba namba hii ilisoma habari za shinikizo la damu Jumatatu usiku, ikatafuta mkopo Jumanne, na Jumatano ikaangalia nauli za basi kwenda Nairobi. Vipande hivyo vikiunganishwa vinatoa picha ya maisha ya mtu, na picha hiyo ina bei sokoni. Mama wa Kikuubo hakukusudia kumpeleleza yeyote. Alitaka ramani tu.

Nikieleza hivi, jibu ninalolisikia mara nyingi ni, "Mimi sina cha kuficha, waangalie." Naliheshimu, lakini nadhani linasahau tunavyoishi. Nyumba nyingi hapa zina simu moja yenye intaneti inayozunguka mikononi mwa watu wanne au watano. Binti akisoma kuhusu ujauzito mchana, au baba akitafuta mahali pa kupima VVU, matangazo yanayofuata yanaweza kumtokea yeyote atakayeshika simu ile jioni. Hakuna aliyeiba nenosiri, hakuna aliyedukua kitu, ila siri imeshatoka.

Halafu kuna suala la pesa, na hili watu hulielewa haraka. Kidakuzi chenyewe ni kidogo sana, lakini huja pamoja na msimbo wa kufuatilia na matangazo yake, na huo mzigo wote unapakuliwa kwa bando lako. Nchi hii iliwahi kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 2018. Julai 2021 kodi hiyo ikaondoka, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Yaani mtu ananunua megabaiti, anazilipia kodi, kisha sehemu yake inatumika kumfuatilia yeye mwenyewe. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Hatari ya karibu zaidi, hata hivyo, haitoki kwa kampuni za ng'ambo. Iko kwenye kompyuta za pamoja. Nenda Wandegeya jioni, kwenye vile vibanda vya kuchapisha na kutoa nakala karibu na Makerere. Mwanafunzi anakaa, anafungua barua pepe, anapakua CV yake, anaichapisha, anafunga dirisha, analipa, anaondoka. Anaamini amefunga. Lakini kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Kidakuzi kilichomwingiza bado kimo ndani ya kompyuta ile, na kwa seva, yeyote anayekiwasilisha ndiye mwenye akaunti. Nenosiri haliulizwi tena. Anayekaa kwenye kiti hicho dakika tano baadaye akifungua ukurasa uleule anakuta barua za mwenzake: majibu ya maombi ya kazi, picha ya kitambulisho, risiti za benki. Hali ni hiyohiyo kwenye kompyuta za umma za Busia na Malaba, na kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, ambako ndugu zetu kutoka Kongo hutuma karatasi nyeti kuliko CV.

Kwa kompyuta ya pamoja, basi, fungua dirisha la hali fiche (incognito) kabla ya kuandika chochote. Vidakuzi vya dirisha hilo vinafutwa madirisha yake yote yanapofungwa. Hata hivyo toka kwenye akaunti kwa kubonyeza kitufe cha kutoka, usitegemee dirisha peke yake. Ukikumbuka umesahau ukiwa tayari kwenye taksi, fungua akaunti kwa simu yako, tafuta orodha ya vifaa vilivyoingia, uitoe kompyuta ile ya kibandani. Akaunti kubwa za barua pepe zina orodha hiyo. Na wenye vibanda, nawaomba: wekeni kivinjari kifute vidakuzi kila kinapofungwa. Ni mpangilio mmoja, unawekwa mara moja.

Kwa simu yako mwenyewe, habari inategemea kivinjari. Safari, kivinjari cha Apple, inazuia vidakuzi vyote vya washirika wengine tangu Machi 2020, bila wewe kuomba. Firefox nayo inavifungia kila kimoja ndani ya tovuti kilikowekwa ili visiweze kukufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Lakini simu nyingi tulizonazo huku ni Android, na Android huja na Chrome. Google ilitangaza Januari 2020 kwamba ingeviondoa ndani ya miaka miwili. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikauacha mpango huo. Kampuni hiyo inaishi kwa matangazo, kwa hiyo sishangai, ila maana yake ni kwamba mwenye Chrome lazima ajizuilie mwenyewe. Gusa vidoti vitatu, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, tafuta vidakuzi vya washirika wengine, chagua kuzuia. Tovuti unazozitumia kila siku zitaendelea kufanya kazi. Mara chache kitu fulani kitagoma, labda video au sehemu ya malipo, na hapo unaweza kuiruhusu tovuti hiyo moja tu.

Hilo halimalizi kila kitu. Ukiwa umeingia kwenye akaunti ya kampuni, yenyewe inakujua hata bila kidakuzi cha kujificha. Wapo pia wanaotambua kifaa kwa sifa zake, kama ukubwa wa skrini na aina ya fonti. Na programu za simu zina namba yao ya matangazo, ambayo kwenye Android unaweza kuifuta ndani ya mipangilio ya Google, sehemu ya matangazo. Fanya hivyo leo ukiweza.

Turudi kwenye kibango, kwa sababu ndicho kinachonifanya niandike. Vibango hivi tumeviiga kutoka Ulaya, ambako sheria ndiyo iliyovizaa. Tumeiga sura, tukaacha masharti. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichokwisha wekwa alama ya tiki si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa inayosimamia taarifa binafsi ilitangaza faini ya yuro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa sababu kukubali vidakuzi kulihitaji mbonyezo mmoja na kukataa kulihitaji kadhaa. Yaani hiki ninachokilalamikia Kampala, kule kimeshalipiwa faini.

Na sisi tunayo sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari, na mtu awe ameelezwa anachokiridhia. Inahesabu kuwa taarifa binafsi hata namba au alama aliyopewa mtu ya kumtambulisha. Kwa maoni yangu namba iliyo ndani ya kidakuzi cha ufuatiliaji inaingia humo bila kubishana. Sheria hiyo inawagusa pia walio nje ya Uganda wanaokusanya taarifa za raia wa Uganda, na kampuni inayovunja sheria inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Wala si karatasi tu. Mwaka 2021 uchunguzi wa NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, ulikuta kwamba SafeBoda, kampuni ya bodaboda, ilikuwa imeipa CleverTap, kampuni ya kuchambua taarifa za wateja, taarifa za wateja wake bila kuwaeleza ipasavyo. Julai 2025 Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, baada ya malalamiko ya raia wanne, iliamua kwamba Google ilikuwa imevunja sheria ya Uganda na kuiagiza ijisajili. Raia wanne tu.

Ninachotaka kutoka kwa ofisi hiyo ni mwongozo mfupi kuhusu vibango: vitufe viwili vyenye ukubwa mmoja na rangi zenye uzito mmoja, hakuna kidakuzi cha ufuatiliaji kinachowekwa kabla mgeni hajachagua, na maelezo yaandikwe kwa lugha anayoisoma mgeni, Kiswahili kikiwamo, kwa kuwa dereva wa lori anayesoma Kiswahili tu hawezi kuridhia aya nne za Kiingereza cha wanasheria. Wajenzi wa tovuti wenzangu hawana haja ya kusubiri mwongozo huo. Picha ya ramani inaweza kuwekwa badala ya ramani inayovutwa kutoka nje. Video inaweza kusubiri mpaka mgeni aiguse. Wageni wanaweza kuhesabiwa kwenye seva yako mwenyewe bila kumpa mtu namba.

Mama wa vitenge alichagua hivyo vyote. Tovuti yake haina kibango hata kimoja, kwa sababu haina cha kuombea ruhusa, na inafunguka upesi hata kwa mtandao wa Bunia. Nawe ukikuta tovuti ya hapa nyumbani isiyokupa njia ya kukataa, piga picha ya skrini, andika tarehe na anwani ya tovuti, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria inakuruhusu.