Dakika Moja ya Ukimya

Kilichoniponza ni kumpenda Jim Reeves kupita kiasi. Mimi ni mtangazaji wa vipindi vya usiku, na Julai 31 moja niliomba nipewe saa nzima nimkumbuke, maana ndiyo tarehe aliyofariki mwaka 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka kwenye mvua ya radi karibu na Nashville. Alikuwa na miaka 40 tu. Tena kabla hajavuma kwa muziki wa kantri alikuwa mtangazaji wa redio kule Shreveport, Louisiana. Mwenzetu kabisa!

Nilijiandaa kama naenda kuposa. Kwa vile Reeves alisifika kwa kuimba chini chini, midomo nusura iguse maiki, na mimi nikaisogelea mpaka sponji ikanigusa mdomo. (Ile sponji haijawahi kufuliwa. Inanuka chakula cha mchana cha watangazaji watatu.) Nikanong'ona:

"Wapenzi wasikilizaji, tusimame. Dakika moja ya ukimya kwa marehemu."

Nikasimama. Nikavua hedifoni kwa heshima, nikafumba macho. Spika za studio hujizima zenyewe maiki ikiwa wazi, vinginevyo sauti hurudi na kupiga mluzi, kwa hiyo upande wangu kimya kilikuwa kimya kweli. Hata kachozi kalinitoka.

Nilichosahau ni kwamba kwenye chumba cha mitambo kuna kidude kisichojua msiba. Kazi yake ni moja: kimya kikizidi sekunde 20, kinaamini studio imekata, basi kinaachia muziki wa akiba hadi kisikie sauti tena. Na muziki wa akiba alikuwa ameuchagua fundi mitambo wetu, kijana ambaye hajawahi kukosa harusi.

Basi wasikilizaji walisimama, wakainamisha vichwa, na baada ya sekunde 20 wakapigwa na ngoma, vigelegele, na jamaa anayehimiza watu wazungushe viuno. Sekunde 40 nzima. Halafu ngoma ikakatika ghafla, ikaingia sauti yangu ya kilio:

"Asanteni. Naamini huko aliko ameusikia utulivu huu."

Simu zikawaka zote kwa pamoja. Nikajua nimewagusa watu. Niliweka wimbo hewani, fundi akaingia mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Kaka, unajua ulichorusha?"

"Kimya, mdogo wangu," nikamjibu kwa unyonge. "Kimya kitupu."

Akakaa sakafuni. Alicheka mpaka nikaanza kumwogopea.

Ikabidi niombe radhi na dakika irudiwe, maana deni la marehemu halikuwa limelipwa. Fundi akanishauri nikohoe kila baada ya sekunde 15, kidude kisishtuke. Nikakohoa. Kidude kikatulia, ila mama mmoja akatuma meseji kwamba kifua hicho si cha kupuuza, nikapimwe.

Nikadhani yamekwisha. Nikiwa nakusanya karatasi zangu, ikaingia meseji ya mwisho: "Mtangazaji, naomba ule wimbo wa dakika ya ukimya, ile ya kwanza. Miaka yote hii namsikiliza Jim Reeves, kumbe alikuwa anachezeka hivi!"