Nani hasa anapanda ndege? Vijana wa Tanga na safari za kubadilishana

Tanga na Eckernförde, mji wa pwani kaskazini mwa Ujerumani, ni miji rafiki tangu 1963. Mtaani Ngamiani, hapa Tanga, hakuna anayegeuka kumtazama kijana wa Kizungu aliyepanda baiskeli kwenda kujitolea shuleni, wamezoeleka. Adimu ni kijana wa Ngamiani mwenyewe aliyekwenda Ujerumani akakaa miezi kadhaa na kurudi.

Si kwamba hakuna juhudi. Mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts ulianza 2008 kwa kuwapeleka vijana wao wa miaka 18 hadi 28 kujitolea katika nchi kama yetu. Njia ya kuwapokea vijana wa nchi hizo kule Ujerumani ilifunguliwa 2013. Norwei nayo ilianza kupeleka watu wake mwaka huohuo wa 1963, kisha 2000 mpango ukasukwa upya uwe wa kwenda na kuja. Sasa unaitwa Norec. Kwa upande wa njia, basi, kuna hatua. Kilichobaki kigumu ni kujua nani anapita humo.

Mara nyingi ni yule anayejulikana tangu mwanzo: Kiingereza kimenyooka, chuo amefika, na ana mjomba kwenye shirika fulani aliyemrushia tangazo WhatsApp siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Simlaumu. Nafasi imekuja, aiache?

Waandaaji nao wana hoja nzito. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa muda mfupi, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Ofisa wa ubalozi anatafuta kitakachomrudisha kijana nyumbani: barua ya mwajiri, taarifa ya benki, masomo ambayo hajamaliza. Kijana anayepakua samaki pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, kila alfajiri ana kazi, tena ngumu, ila haina hata karatasi moja. Akinyimwa viza, nafasi imepotea na mfadhili anauliza maswali. Akipewa kisha akazamia, wenzake wa mwakani ndio watakaobanwa. Mratibu mwenye nafasi mbili kwa mwaka anachukua yule atakayepita, na huo si uroho wala upendeleo, ni woga wenye sababu.

Lakini woga huo ukirudiwa kila mwaka unakuwa kanuni isiyoandikwa. Tazama matangazo: "mwombaji awe na pasipoti." Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na kabla yake kuna cheti cha kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na vielelezo vya wazazi. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi Dar kwa ajili ya ubalozi. Mchujo umeshafanyika hapo, usaili bado. Kisha kuna lile neno la upole, "tunza risiti, utarejeshewa." Anayerejeshewa ni aliyekuwa na cha kutanguliza.

Kwa mabinti kuna kizingiti kingine ambacho fomu haikioni. Nilimsikia mzee mmoja wa Makorora akimuuliza mratibu, kijana mwenye adabu zake: "Mwanangu, kwenye hiyo nyumba atakayofikia, kuna mama mtu mzima?" Akajibiwa yupo. Chakula je? Akajibiwa nacho. "Na akiugua usiku, mimi nampigia nani anayejua Kiswahili?" Mratibu akafunuafunua kijitabu chake cha Kiingereza, hakuwa na jina la kumpa. Watu humwita mzee wa namna hiyo mkaidi. Mimi naona alikuwa anafanya kazi ambayo shirika lilipaswa kuifanya kabla ya kubisha hodi.

Kijana kiziwi ana mlima zaidi, maana lugha ya alama ya Tanzania si ile ya Ujerumani, hivyo huenda wakalimani wakahitajika wa pande zote mbili. Gharama hiyo isipokuwa na fungu lake tangu bajeti inaandikwa, hakuna atakayeitafuta baadaye.

Wapo wanaosema tumalize yote mtandaoni. Bando nalo linanunuliwa, na kuonana kwenye kioo cha simu hakujawahi kumfundisha mtu kuishi na wageni. Wengine wanataka makutano yafanyike hapahapa, Tanga au Lushoto, kwa Kiswahili chenye tafsiri. Hilo nalipenda, ila lina mtego: mkikaribisha kila mwaka, vijana wenu wanaishia kuwa wapishi na waonyesha njia.

Mimi ningeunganisha makutano ya hapa na safari yenyewe. Wiki za mwanzo zifanyike nyumbani, wasafiri wachaguliwe kwa jinsi walivyofanya kazi na wenzao, si kwa insha ya Kiingereza, kisha shirika ndilo lilipe pasipoti, nauli na viza mwanzoni. Kati ya nafasi mbili, moja apewe yule wa Deep Sea. Anaweza kunyimwa viza, na hakuna mratibu awezaye kumwamrisha balozi. Ndiyo maana fedha ya viza iliyokataliwa inafaa iwe na mstari wake kwenye bajeti, sawa na nauli ya basi, na mfadhili akubali kuiona kwenye ripoti bila kuihesabu kuwa uzembe. Wafadhili wakilikataa hilo, nitamwelewa mratibu akirudi kwa mpwa wa yule mjomba.