Karimjee si ukumbi wa misiba tu

Juzi nilimwonyesha mpwa wangu postikadi ya zamani niliyoachiwa na marehemu baba, yenye picha ya Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ukiwa mweupe katikati ya miti, enzi ambazo Bunge lilikuwa likikutana humo. Aliitazama kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, kumbe hata zamani walikuwa wanaagia misiba hapa?" Kijana hakukosea, kwa kuwa ndivyo alivyoukuta. Hata hivyo swali lake lilinichoma, na linanichoma hadi sasa.

Sikatai kwamba kuagwa Karimjee ni heshima. Wala sina ugomvi na Dodoma; uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu katikati ya nchi ulikuwa na sababu zake, na Bunge halikuwa na budi kufuata. Ninachokikataa ni kuiachia nyumba iliyosikia maneno mazito kiasi kile ijulikane kwa majeneza na mashada ya maua peke yake.

Chukua Oktoba 1961. Uhuru ulikuwa umebakiza wiki chache, na mbele ya wabunge ulikuwapo muswada wa uraia. Walisimama waliotaka uraia uwe haki ya Waafrika, na watu wa asili ya Asia na Ulaya wawekwe kando. Miaka hiyo kiti cha Spika kilikaliwa na Abdulkarim Karimjee, wa ukoo uleule uliotoa jengo hilo, na hivyo yule aliyewapa wenzake nafasi ya kusema ndiye ambaye watu wa asili yake walikuwa wakijadiliwa kama wanastahili kuitwa Watanganyika. Mwalimu Nyerere alikataa katakata. Alisema uraia haupimwi kwa rangi ya ngozi bali kwa utiifu wa mtu kwa nchi yake, akawaachia wabunge wapige kura kwa hiari yao, na akaweka wazi kwamba Serikali yake ingejiuzulu endapo ingeshindwa katika jambo hilo. Kiongozi aliyepigania uhuru kwa miaka alikuwa tayari kuachia madaraka mlangoni mwa uhuru wenyewe, kwa ajili ya watu wachache ambao kura zao zisingempa wala kumnyima ushindi. Sijui mtoto wa Kitanzania anawezaje kumaliza shule bila kusimuliwa siku zile.

Humohumo, tarehe 22 Oktoba 1959, Mwalimu alizungumzia kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro. Humohumo, tarehe 25 Aprili 1964, wabunge waliridhia Muungano. Mwenge kila mtoto anaufahamu, kwa sababu hupita karibu na kwao. Nyumba ulimotajwa haifahamu.

Natamani shule za Dar es Salaam ziwapeleke wanafunzi pale, wakae ndani ya ukumbi wenyewe na kusoma kwa sauti Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya mjadala ule wa uraia, huyu akipinga, yule akitetea, hadi wasikie jinsi hoja mbaya ilivyoweza kutamkwa na watu wenye nia njema, na jinsi ilivyojibiwa.

Mpwa wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaigeuza postikadi kutafuta maandishi. Baba hakuwa ameandika chochote. Nilichukua kalamu nikaandika, "Oktoba 1961, mjadala wa uraia," nikampa akaitunze.