Nambie kwa Kiswahili, pesa ni yangu

Nimerudi Wete nikitoka fildi Dar es Salaam, wiki nane katika ofisi ya benki ya uwekezaji, na jambo lililoninyima usingizi juzi halikutokea ofisini. Lilitokea barazani kwetu, baada ya Isha, tumekaa kwenye jamvi tunachambua karafuu. Mama mdogo akanitazama: "Wewe si ulikuwa kwa hao wenye mapesa? Hebu nambie, hii sukuk ya Serikali wanayoisema redioni ni kitu gani? Mna riba ndani yake au hamna?"

Nikaanza. Nikasema ijara, nikasema mali, kisha kila neno lililonijia likawa la Kiingereza. Mama mdogo hakunikatiza. Aliendelea kutenga makonyo upande wake akinisubiri, na mimi nikanyamaza. Mwanamke huyu ndiye aliyeuza bangili yake nipate nauli ya meli ya kwenda kusoma.

Kazi yenyewe niliipenda, wallahi. Nilijifunza kwamba bei ya hisa haitoki hewani: unakadiria pesa zitakazoingia katika kampuni miaka ijayo, kisha unazipunguza, kwa sababu shilingi ya mwaka wa tano hailingani na shilingi ya leo, na kila penye hatari zaidi unapunguza zaidi. Nilikaa na Excel kuanzia saa mbili asubuhi, siku nyingine hadi saa nne usiku, ndipo nitafute daladala la Mbagala kwa mjomba. Malipo hayakuwepo, hata nauli. Hilo linawafungia mlango vijana wengi wa Pemba wasio na mjomba Dar, na nitaliandikia siku yake.

Ninachotaka kusema leo ni kuhusu waraka wa matarajio, yaani maelezo ambayo kampuni huyatoa kwa umma kabla ya kuuza hisa au hati zake. Ofisi ilikuwa inaitayarishia kampuni moja hati fungani za kuuzia umma, yaani hati ambazo anayezinunua anaikopesha kampuni pesa, na kazi yangu ilikuwa kuoanisha kila tarakimu ya waraka na hesabu zilizokaguliwa, mstari kwa mstari. Kurasa zaidi ya mia, zote Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Sehemu niliyoiona muhimu kuliko zote ni ile ya mambo ya hatari: kampuni ikishindwa kulipa nani analipwa mwanzo, soko likianguka mwenye hati atamuuzia nani, sheria ikibadilika itakuwaje. Yote anayopaswa kuyajua mtu kabla hajatoa pesa yake yameandikwa pale. Nikamuuliza msimamizi wangu, kwa adabu, mwananchi ataisomaje hii. Akaniambia madalali watamweleza.

Watamweleza wapi? Nani anakuja Konde, nani anakuja Micheweni?

Maana wapo wanaokuja, na sote tunawajua. Wanakuja na Kiswahili kizuri, wanakaa barazani, wanakunywa kahawa yetu, wanataja jina la Mwenyezi Mungu, wanasema weka laki mbili baada ya miezi utakuta nne. Hawana leseni, hawana hesabu zilizokaguliwa, hawana sehemu ya mambo ya hatari, lakini wanaeleweka. Mama mdogo aliwapa pesa za msimu mzima. Hakuwa na tamaa, na naomba asitokee mtu akaniambia alikuwa nayo. Alikuwa na pesa ya halali na hamu ya kuikuza, na watu pekee waliokaa naye wakamweleza kwa lugha yake walikuwa matapeli. Wale wenye usimamizi, walioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, walikuwa wameandika ukweli wao wote mahali ambapo hawezi kuufikia. Nikifikiri kwamba na mimi nimekaa wiki nane naipanga nukta na mikato ya ukweli huo uliofungwa, roho inaniuma.

Msiniambie watu wetu hawana mtaji. Mwaka 2009 hisa moja ya benki ya CRDB iliuzwa shilingi 150, chini ya bei ya soda. Za Vodacom mwaka 2017 zilikuwa 850. Hati fungani za Serikali Benki Kuu inaziuza kuanzia shilingi milioni 1, na mwenye mikarafuu yake huishika milioni hiyo msimu ukiwa mzuri. Kilichowazuia wengi hapa kwetu kuzinunua hati hizo ni riba, na ndiyo maana sukuk, inayoundwa kuiepuka riba, ina uzito wa pekee Zanzibar.

Nakubali, shingo upande, kwamba matangazo ya redio yapo kwa Kiswahili. Lakini tangazo linakwambia nunua, halikwambii utapotezaje. Nakubali pia hoja ya mawakili kwamba lugha mbili zikigongana kesi itakuwa ngumu. Basi andikeni ukurasa wa mwanzo kuwa panapotokea mgogoro litafuatwa toleo la Kiingereza, kisha mtupe la Kiswahili. Tangu 2021 sheria ya nchi imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Maneno tunayo: hisa, gawio, dhamana, mtaji, amana, hati fungani. Hata mwanafunzi wa fildi mngempa kazi hiyo angeifanya kwa furaha.

Jana usiku nikarudi jamvini na daftari. Nikamwambia mama mdogo: katika sukuk ya ijara, yaani ya upangishaji, watu wanachanga, mchango wao unawapa haki katika mali, tuseme jengo. Serikali inalipanga jengo hilo, inalipa kodi ya pango, wenye sukuk wanagawana kodi kwa kadiri ya walichochanga. Muda ukiisha, Serikali inalinunua na kila mtu anarudishiwa mtaji wake. Wanachokula ni kodi ya mali, si faida ya mkopo.

Akasita, karafuu mkononi. "Na jengo likiungua moto katikati ya muda, hasara ya nani? Yangu mimi au ya mpangaji?"

Nimefungua ukurasa mpya katika daftari. Swali hilo liko juu kabisa.